Umefuta kache, bei ya zamani bado inaonekana

Natunza tovuti ya nyumba ya wageni huko Shela, Lamu, imeandikwa kwa Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti). Maulidi yakikaribia, mwenye nyumba hubadilisha bei, kisha simu inaita: “Mwanangu, nikifungua naona 6,000, nikifungua tena naona 4,000. Tushike ipi?”

Maneno hayo yanatosha kumshika mchawi, lakini hakikisha kwanza. Weka brauza kando, uulize seva yenyewe mara kadhaa kwa `curl -s` (amri ya terminal inayovuta ukurasa) ukifuatisha anwani ya ukurasa.

Bei ikirukaruka, tazama `CACHES` kwenye settings.py, yaani mipangilio ya kache, nakala za muda zinazowekwa ili ukurasa ufunguke haraka. Kama hukuandika kitu, Django inatumia LocMemCache, ambayo hukaa ndani ya kumbukumbu ya kila mchakato. Gunicorn (seva inayoendesha Django) ikiwa na michakato 3, una kache 3 zisizojuana. Ukifungua `manage.py shell` na kuandika `cache.clear()`, unafuta ya hiyo shell tu. Ni kufagia baraza ya jirani ukitarajia yako itakate. Wala hupati ujumbe wa kosa, ndiyo maana watu huhangaika. Washa Gunicorn upya, au subiri: muda wa kawaida ni sekunde 300. Dawa ya kudumu ni kache moja ya wote. Redis, hifadhi ya nje inayotumiwa na michakato yote, inaungwa mkono na Django yenyewe tangu toleo la 4.0, ila kwa seva ndogo mimi napenda DatabaseCache, inayoweka kache kwenye hifadhidata: unaiweka kwenye `CACHES`, unaendesha `createcachetable`, basi.

Bei ikija mpya kila mara kwa curl, brauza ndiyo iliyoshikilia ya zamani. Soma `Cache-Control`, kichwa kinachoiambia brauza ishike nakala kwa muda gani, kwa `curl -I`. Ikija ya zamani kila mara, tafuta `lru_cache` (kache ya Python yenyewe) kwenye msimbo, maana `cache.clear()` haiigusi kabisa, au Nginx, seva inayokaa mbele ya Gunicorn, iliyowekewa kache yake ya `proxy_cache`.

Tahadhari kwa wenye Redis: `cache.clear()` haiangalii `KEY_PREFIX` (kiambishi kinachotenganisha funguo za kila tovuti), inafagia hifadhidata yote ya Redis mliyomo. Kama tovuti mbili zimo humo pamoja na seshoni za watumiaji, wote watatolewa nje. Futa ufunguo unaohusika tu, `cache.delete("bei_vyumba")`, bei inapohifadhiwa. Na uipitishe kwenye `transaction.on_commit`, ili ifanyike baada ya muamala wa hifadhidata kukamilika. Ukifuta kabla muamala haujakamilika, mgeni anayefungua ukurasa wakati huohuo atasababisha bei ya zamani isomwe na kuwekwa tena kwenye kache.