Hiyo sarafu yako ni kosa la kiwanda, au imeharibiwa tu?

Juzi kijana wa bodaboda aliegesha pikipiki mbele ya meza ninayotengenezea saa hapa Kisumu, akanipa sarafu ya shilingi ishirini iliyotoka kitovu, kile kipande cha katikati. "Mzee, wananiambia hii ni kosa la kiwanda, inauzwa maelfu." Nikabana lenzi jichoni.

Mimi hujiuliza swali moja: kasoro hii ilitokea kabla ya muhuri, kile chuma cha kiwandani kinachogonga picha na maandishi kwenye sarafu, kupiga, au baadaye? Mbao, yaani hiyo shilingi ishirini, ina vyuma viwili, duara la nje na kitovu, ambavyo hukamatana kwa nguvu ya pigo lenyewe. Kitovu kikikosekana wakati wa pigo, chuma cha duara husukumika kuelekea tundu, mdomo wa tundu hulegea na herufi zilizo karibu hufifia. Ya kijana ilikuwa na tundu lililosimama wima, herufi kali kote, na ndani mikwaruzo miwili mifupi, kama ya ncha ya bisibisi. Nilimpa lenzi aangalie mwenyewe. Kitovu kilikuwa kimegongwa kikatoka.

Sarafu iliyomegeka ukingoni nayo ichunguze upande ulio mkabala na pengo. Pengo la kiwandani lilikuwepo kabla ya pigo, kwa hiyo mara nyingi ukingo wa upande wa pili hutoka dhaifu, na herufi hufifia polepole zikikaribia pengo. Iliyokatwa kwa tupa ina herufi zilizokatika ghafla na mistari ya tupa kwenye jeraha.

Zinazodanganya watu zaidi ni zile zenye maandishi yaliyozama kinyumenyume. Ukibana sarafu mbili kwenye jiriwa, moja huacha alama zake kwa mwenzake. Lakini tazama chini ya alama hizo: picha ya awali bado ipo, imebonyea tu. Kosa la kweli la aina hiyo hutokea sarafu iliyokwisha kupigwa inapong'ang'ania kwenye muhuri na kupiga inayofuata. Hapo picha iliyozama huchukua mahali pa picha ya kawaida, haikai juu yake.

Iliyolazwa relini ni pana, nyembamba, na herufi zimevutwa kuelekea upande mmoja. Iliyolowekwa kwenye asidi ya betri imekonda kila mahali, mpaka ukingo; linganisha uzito wake na wa nzima ya aina ileile kwenye mizani ya sonara. Na tafadhali, senti tano na kumi za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni zilitobolewa katikati kwa makusudi. Hilo si kosa kabisa, ingawa mimi huletewa hizo kila mara.

Ukibaki na shaka, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Utafuta zile alama ndogo za chuma kilivyosukumika, na bila hizo hata mimi na lenzi yangu hatuwezi kukusaidia. Ifunge kwenye karatasi laini, uilete jinsi ilivyo.