Jinsi ya kuchora kwenye chati mbio za mwisho za manowari Cristóbal Colón, 3 Julai 1898

Cristóbal Colón ilijengwa Italia, kwenye karakana ya Ansaldo huko Sestri Ponente, na Uhispania ikakabidhiwa meli hiyo mjini Genoa tarehe 16 Mei 1897. Miezi 13 na ushei baadaye ilikuwa imelala ubavu kwenye pwani ya kusini ya Kuba. Masimulizi mengi ya vita vya Santiago, ambapo meli za Marekani ziliangamiza kikosi cha Uhispania kilichojaribu kutoroka bandarini, hukimbilia milio ya mizinga. Chukua bikari upime, na utaona kwamba meli hii iliangushwa zaidi na makaa ya mawe.

Tafuta chati inayoonyesha pwani kuanzia Santiago de Cuba hadi rasi ya Cabo Cruz. Skeli ya 1:300,000 inatosha, kwani mbio zote zitachukua kama sentimita 30. Weka nukta ya kwanza kwenye mlango wa bandari, chini ya ngome ya El Morro, karibu na 19°58' kaskazini na 75°52' magharibi.

Umbali upimie kwenye kipimo cha latitudo, pembeni mwa chati. Dakika moja hapo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Wengi huharibu kazi kwa kupimia kipimo cha longitudo kilicho juu au chini ya chati. Kwenye latitudo 20 dakika ya longitudo ni kama 0.94 tu ya maili ya bahari, hivyo kila umbali utapotoka kwa asilimia 6 hivi.

Sasa ziweke meli za Uhispania zilizoanguka njiani, kutoka mashariki kwenda magharibi. Infanta Maria Teresa, iliyokuwa na Admeri Pascual Cervera, kamanda wa kikosi, ilipanda pwani maili 6 na nusu kutoka bandarini, mnamo saa 4:15 asubuhi. Almirante Oquendo ilifuata muda mfupi baadaye, maili 7. Vizcaya ilifika Aserradero, maili 15, saa 5:15. Colón ilishusha bendera kwenye mlango wa mto Turquino, maili 48, mnamo saa 7:15 mchana. Taarifa za siku ile hutofautiana kwa dakika tano hadi kumi, kwa hiyo andika saa kwa penseli, si kwa wino.

Ukihesabu kwamba Colón ilitoka nje saa 3:45, safari ilichukua saa tatu na nusu. Gawa 48 kwa 3.5, unapata noti 13.7, yaani maili za bahari kwa saa. Hii ni meli iliyotarajiwa kufikia noti 19 au 20!

Usiishie kwenye wastani. Vizcaya ilipopanda pwani, Colón ilikadiriwa kuwa maili 6 mbele ya Brooklyn na Oregon, meli za Marekani zilizokuwa zikiifukuza. Ukichukulia kwamba meli hizo mbili zilikuwa mkabala na Aserradero, Colón ilikuwa karibu na maili 21. Kipande cha kwanza kinatoa noti 14, na hapo ndani umo mwendo wa pole wa kutoka kwenye mkondo mwembamba wa bandari, meli moja baada ya nyingine. Ilipokwisha kushika kasi, basi, ilikwenda zaidi ya hapo. Kipande cha pili, maili 27 kwa saa mbili, ni noti 13.5 tu, wakati ambapo ilihitaji kasi kuliko wakati wowote. Makaa mazuri yalikuwa yamekwisha, na yale yaliyopakiwa Santiago yalikuwa duni. Moto ukapungua, mvuke nao ukashuka. Oregon kwa upande wake ilikuwa na moto kwenye boila zake zote tangu asubuhi.

Chora pia mstari wa wawindaji. Colón ilibana pwani. Brooklyn ilielekea Cabo Cruz, ambako nchi kavu inajitokeza kusini. Weka rula kati ya nukta hizo na utaona kwamba Colón ingelazimika kutoka nje ili kuizunguka rasi, ikutane na adui aliyekwisha kukata njia. Saa 6:50 mchana makombora ya Oregon ya milimita 330 yalianza kuanguka mbele yake.

Pembeni mwa chati andika silaha zake, kwa sababu hapa makosa ni mengi. Mizinga yake mikubwa miwili ya milimita 254 haikuwahi kufungwa, kwa hiyo haikuwa na mzinga mzito wa kuelekeza nyuma kwa waliokuwa wakiifukuza. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 152 na 6 ya milimita 120. Ile ya milimita 140 iliyosumbua kwa risasi mbovu ilikuwa ya zile meli tatu nyingine. Hizo tatu ndizo zilizoungua vibaya pia. Colón ilipigwa mara chache tu na haikuteketea.

Nukta ya mwisho iweke ukingoni kabisa, chini ya mlima Turquino wenye mita 1,974. Baada ya kusalimu amri, valvu za chini zilikuwa zimefunguliwa na maji yakaingia. Meli ya Marekani New York iliisukuma kwa gubeti, yaani sehemu yake ya mbele, kuelekea ufukweni ili isizame kwenye kina, lakini usiku ikalala ubavu. Angalia mistari ya kina hapo: imebanana mno, na meli iliyokuwa ikijaa maji haikuwa na sakafu tambarare ya kuegemea.