Somo: Kuipa nguvu kompyuta ya mezani ili gemu zisigande

Wakuu, hapa Kigoma ukikosea kuchagua kifaa unakilipia mara mbili. Kinatoka Kariakoo, kinakuja kwa basi zaidi ya kilomita 1,200, na kukirudisha ni nauli nyingine. Ndiyo maana naanza na kupima.

Hatua ya 1: Jua kilichozidiwa. Cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, utazame Performance. Kadi ya grafiki ikigota karibu asilimia 100 huku prosesa ikipumua, kadi ndiyo iliyozidiwa. Ukishusha ubora wa picha na fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zisiongezeke, mtazame prosesa.

Hatua ya 2: Safisha. Juzi nilifungua Dell OptiPlex ya kijana mmoja wa Mwanga aliyekuwa ameshaamua kuiuza. Vumbi jekundu lilikuwa limegandamana kwenye mapezi ya kipoza joto kama ukoko wa ugali, na grisi ya prosesa (thermal paste) imekauka, inamomonyoka kama chokaa. Nikapuliza, nikafuta, nikapaka grisi mpya. Joto likashuka, prosesa ikaacha kujipunguzia kasi. Mashine bado anayo.

Hatua ya 3: RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Vipande viwili vya GB 4 vinashinda kimoja cha GB 8, maana prosesa inasoma kwa njia mbili. Kwa asiye na kadi ya grafiki, tofauti inaonekana kwa macho. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4. Ikikataa, usilazimishe.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki. Hapa ndipo tunapoumia. Kadi yangu ya kwanza ilifika ikidai waya wa pini 6, na pawa saplai yangu haikuwa nao. Nilikaa nayo miezi miwili nikiitazama tu. Kompyuta nyingi za ofisi, zile used, hazina waya huo. Sloti yenyewe inatoa wati 75 basi, kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na hizo, kama GTX 1650. Omba picha ya kadi kabla ya kutuma hela, kwa sababu GTX 1650 nyingine zina tundu la waya. Kasha likiwa jembamba, chukua kadi yenye kimo kifupi (low profile). Pima kwa rula.

SSD (diski ya kasi) weka, gemu itafunguka haraka. Fremu haiziongezi.

Maswali ya wanachama

Ujiji: Mkuu, nina i5-3470. Nikiweka GTX 1650 itatosha?
Jibu: Kwa GTA V inatosha. Gemu mpya zitaichosha, ni prosesa ya 2012 yenye nyuzi nne (threads, yaani kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Ukipata i7-3770 inakaa tundu lile lile na ina nyuzi nane. Badilisha hiyo kabla ya kufikiria madabodi.

Kasulu: Umeme unapandashuka kila jioni. Stabilaiza inatosha?
Jibu: Inatuliza volti, ila umeme ukikatika mashine inazima papo hapo. Weka na UPS (kifaa chenye betri ya akiba), hata ndogo, upate dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri.

Kibirizi: Napata fremu 120 lakini sioni tofauti na 60.
Jibu: Angalia monita, kaka. Kama ni ya Hz 60, inakuonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Hela ya kadi mpya ipeleke kwenye monita.