Leza ya macho bila kuguswa: mashine ni sekunde 40, kujipanga ni miezi

Mimi ni dereva wa watalii, nakaa Arusha. Miaka 13 nimeendesha Tarangire, Serengeti na Ndutu nikiwa na miwani, namba -4.25 jicho la kulia na -3.75 la kushoto. Anayelijua vumbi la Ndutu atanielewa: paa la gari likiwa wazi, dakika kumi tu miwani imekuwa kama kioo cha daladala. Lenzi za kuvaa machoni nazo nilijaribu. Vumbi likiingia chini ya lenzi unafunga breki ghafla, wageni wanadhani umeona chui.

Nilifanyiwa leza ya kurekebisha uoni, niachane na miwani, Nairobi nikiwa na miaka 34. Tangu hapo madereva wenzangu wananiuliza yaleyale kila tukikutana getini, kwa hiyo leo nayaandika yote mara moja.

Kwanza jua unachokwenda kufanyiwa. Njia inayojulikana zaidi ni LASIK: daktari anakata kifuniko chembamba kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, anakifunua, leza inafanya kazi chini yake, kisha anakirudisha. Mimi nilifanyiwa TransPRK. Hapo hakuna kukata wala kukwangua. Leza yenyewe inaondoa ngozi ya juu ya konea, kama mikroni 55 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), halafu bila kusimama inaendelea kuichonga konea kulingana na namba yako. Ni leza ya eksima, miale yake ina urefu wa wimbi wa nanomita 193, na haiunguzi kama moto. Inavunja viunganishi vya tishu na tishu inatoweka kama mvuke. Ngozi ile inaota tena yenyewe ndani ya siku chache. Kilichonivutia ni kwamba hakuna kifuniko cha kuja kuhama siku tawi la mgunga litakaponichapa usoni, na kwa kazi yangu litanichapa tu. Bei yake ni kwamba kidonda kinakuwa wazi juu ya jicho, na unakisikia.

Chagua majira. Mimi nilichagua Aprili, masika: vumbi limelala, mawingu yamefunga, kambi nyingi zimefungwa na kazi hakuna. Mwalimu asubiri likizo ndefu. Anayepikia kuni atafute wa kumshikia jiko, maana moshi na kidonda cha jicho havipatani kabisa.

Lenzi zivue mapema. Hapa ndipo mimi niliumbuka. Safari ya kwanza nilipanda basi la asubihi, nikavuka Namanga, nikafika kliniki nimevaa lenzi zangu laini kama kawaida. Kwenye simu niliambiwa tu "njoo na kitambulisho." Daktari alipojua akatikisa kichwa: "Kaka, lenzi inaikandamiza konea, umbo lake linabadilika. Nikikupima leo nitachonga jicho ambalo si lako." Nikarudi Arusha mikono mitupu. Lenzi laini zivuliwe wiki moja hadi mbili kabla ya kipimo; zile ngumu zinahitaji muda mrefu zaidi, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Kipimo ndicho cha kukitilia maanani kuliko siku ya leza yenyewe. Wanachora ramani ya konea, wanapima unene wake, presha ya jicho, machozi, na upana wa mboni gizani. Wanakutia matone ya kupanua mboni, kwa hiyo siku hiyo usipange kuendesha. Omba uambiwe namba zako. Unene wa konea yangu ulikuwa mikroni 538. Kwa hesabu ya mikroni 15 hivi kwa kila dayopta moja, yaani namba moja ya miwani, jicho la kulia lilihitaji kuchongwa kama 64. Ukitoa hizo pamoja na ngozi ya juu, zinabaki zaidi ya 400, na daktari akaridhika. Mwenye konea nyembamba au namba kubwa sana anaweza kuambiwa hapana. Asikasirike, na asiende kutafuta kliniki nyingine itakayosema ndiyo.

Na kuna keratokonasi, konea inayolegea na kuchongoka mbele kama koni. Ukifanyiwa leza ukiwa nayo unaharibu jicho zaidi. Kama utotoni ulikuwa na mzio wa macho, ukayafikicha mpaka yakawa mekundu, au namba ya miwani inapanda kila mwaka, mwambie daktari hata kama hajauliza. Namba iwe imetulia angalau mwaka mzima. Walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha wasubiri. Wa miaka 40 na kitu wajue kwamba leza haizuii miwani ya kusomea. Hiyo inakuja na umri, uwe umechongwa au hujachongwa.

Kuhusu malipo, uliza bei inajumuisha nini: macho yote mawili, dawa za mwezi wa kwanza, mahudhurio ya baadaye, na marekebisho kama namba haikukaa sawa.

Siku yenyewe vaa shati la vifungo, si fulana ya kupitisha kichwani. Usijipulize manukato, mvuke wake unaweza kuvuruga leza. Mimi nilikuwa nimejipaka mafuta yenye harufu, nikapelekwa bombani kunawa kama mtoto. Unalala chali, unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa na kibanio usipepese. Kisha unaambiwa tazama taa ya kijani. Mashine inalia tatata, taa inakuwa na ukungu, inatawanyika kama taa ya gari kwenye kioo chenye mvua, na unasikia harufu ya nywele zilizoungua. Ukitikisa jicho kidogo kamera inalifuata. Ukilihamisha sana leza inasimama yenyewe. Sekunde 40 hivi, imekwisha. Maji baridi, kisha lenzi laini ya kufunika kidonda.

Mimi niliwekewa pia sponji yenye mitomaisini kwa sekunde chache, dawa ya kuzuia konea isifanye ukungu baadaye. Kwa hiyo hilo neno "bila kuguswa" lina mipaka yake. Leza haigusi, kibanio, sponji na lenzi vinagusa.

Ganzi ikiisha ndiyo utajua. Nilifikia kwa shangazi, South C. Usiku wa kwanza na siku ya pili macho yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga na pilipili, machozi yanatiririka, mwanga wa simu ni adhabu. Shangazi alitundika kanga mbili dirishani. "Uliona miwani ni mzigo, baba?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Panga siku tatu za giza, redio, na mtu wa kukutilia matone. Meza dawa za maumivu ulizoandikiwa kwa saa, usingoje yazidi. Ila usitafute matone ya ganzi ya kutumia nyumbani, hata kama kuna mtu duka la dawa yuko tayari kukupa: yanazuia kidonda kufunga na yanaweza kuitoboa konea. Usifikiche. Mimi nililala na vikinga vya plastiki machoni, maana mkono uliolala hauna adabu.

Siku ya nne uoni unaweza kuwa mbaya kuliko siku ya pili. Nilishtuka, nikapiga simu kliniki. Ni kwamba ngozi mpya inakutana katikati na kuacha mstari mbele ya mboni. Siku ya tano walivua lenzi. Usivuke mpaka wa nchi kabla ya hapo.

Halafu matone. Ya kuzuia maambukizi kwa siku chache, machozi bandia kwa miezi, na ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanayopunguzwa polepole kwa ratiba. Haya ya steroidi usiyakatishe ghafla wala usijiongezee chupa nyingine kwa sababu yanauzwa. Yanapandisha presha ya jicho kimyakimya, na ndiyo maana lazima urudi kupimwa. Miwani ya jua yenye kinga ya UV vaa miezi mingi, hata siku ya mawingu, kwani jua kali linaongeza hatari ya ukungu kwenye konea. Kuogelea, wiki nne hapana. Wanja pia subirini, dada zangu.

Niliendesha mjini wiki ya tatu, mchana tu. Usiku taa za malori zilikuwa na duara la mwanga mpaka mwezi wa tatu. Ndutu nilirudi baada ya miezi miwili, na miwani ya kukinga vumbi juu.

La mwisho wengi hawaambiwi: omba karatasi ya vipimo vyako vya kabla ya leza. Ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, daktari atahitaji namba hizo kuchagua lenzi ya kukuwekea, kwa sababu konea iliyochongwa inadanganya mashine. Yangu ipo kwenye bahasha moja na kadi ya gari.