Namna ya Kushika Imani Mipango Inapovunjika

Mwongozo huu ni kwa Mkristo ambaye mambo yamemwendea kombo pasipo uzembe wake: aliyesoma akakosa ajira, aliyeuguza akazika, aliyekopa akapata hasara. Tumchukue kwa mfano mama wa Bagamoyo anayenunua samaki mnadani ufukweni, akawakaanga katika karai na kuwauza kwa wachuuzi wanaokwenda Dar es Salaam. Amekopa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, amesali novena hadi siku ya tisa, kisha kusi imevuma kwa nguvu, ngalawa hazikutoka, na siku ya marejesho inakaribia mkoba ukiwa mtupu. Mama huyu ana maswali mawili kwa pamoja, atalipa nini na Mungu alikuwa wapi, na si haki kumjibu moja tukaliacha jingine.

Aanze kwa kumlalamikia Mungu mwenyewe. Wengi wetu tunalalamika vizuri sana kibarazani, lakini tukipiga magoti tunabadili sauti na kutoa shukrani ambazo moyoni hatuna, kana kwamba Mungu hakutusikia tulipokuwa kwa jirani. Zaburi ya 13 inafundisha njia nyingine. Ina aya sita tu, na katika mbili za kwanza mwimbaji anauliza mara nne, "Hata lini?" Baada ya hapo anaomba waziwazi, na ni mwishoni tu ndipo anaposema kwamba anazitumainia fadhili za Mungu. Fuata mpangilio huo huo. Tafuta saa ya utulivu, sema au andika jambo lenyewe kwa jina lake, yaani "marejesho ya Jumamosi" na "mafuta niliyonunua kwa mkopo", wala si "magumu ninayopitia", kwa sababu maneno ya jumla humficha hata msemaji. Kisha omba kitu mahususi. Ukifika kwenye tumaini na usilipate, ishia hapo ulipofika, kesho uendelee. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, nayo imo katika Biblia hiyo hiyo, tena kama sala. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba sala iliyokwisha bila amani moyoni haikufika.

Pili, usikubali maelezo ya haraka. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki kweli; waliharibu walipoanza kueleza sababu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Huku kwetu msemo uko tayari mdomoni: "Kazi ya Mungu haina makosa." Aliyefiwa akiusema mwenyewe, ni ungamo la imani. Akiambiwa na mwingine kabla hata jeneza halijatoka nyumbani, mara nyingi maana yake ni kwamba anyamaze. Wapo pia watakaomwambia yule mama kwamba amerogwa, na wapo watakaomwambia kwamba sadaka yake ilikuwa ndogo, aongeze ndipo baraka ifunguke. Hao wa mwisho ni wa kuepukwa kabisa, maana wanamtoza fedha mtu ambaye shida yake ni fedha.

Tatu, soma ahadi pamoja na mistari iliyo jirani nayo. Yeremia 29:11, kuhusu mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho, husomwa sana kwenye mahafali na harusi, lakini mstari wa 10 unataja miaka 70, maana yake wengi wa watu wazima walioipokea barua hii ya Yeremia uhamishoni Babeli wangefia huko huko. Na kabla ya ahadi hiyo wanaagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani na kuutakia amani mji ambao hawakuuchagua. Bagamoyo tunayo historia inayofanana na agizo hilo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakiwa na mpango wa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Muda si mrefu kipindupindu kikapiga pwani, na mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo yao. Walijenga upya. Anayetembelea makaburi ya misheni ataona jinsi wengi wao walivyokufa wangali vijana, na wengi hawakuona matunda ya kazi yao.

Kwa yule mama, kupanda bustani ni kumwendea mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya marejesho, aeleze hali ya bahari, aombe kuongezewa muda, na aulize kama mfuko wa jamii wa kikundi unaweza kumsaidia. Imani haimwondolei hatua hiyo, na aibu isimzuie.

Mwili nao usisahauliwe. Eliya alipoomba kufa, katika 1 Wafalme 19, alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa kula mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Usingizi ukikatika kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo na uende hospitali, wala usiache dawa kwa sababu umeombewa.

Mwisho, usijitenge na jumuiya yako ndogo ndogo. Kama huwezi kuongoza sala, waambie wenzako mapema wampangie mwingine. Kama wimbo wa shangwe hautoki, keti uwaache waimbe. Misa ya Jumapili ihudhurie hata kama utakaa benchi la nyuma na kuondoka baada ya baraka bila kusalimiana na mtu, na padre akikuuliza habari, huna haja ya kujibu "nzuri".