Kukimbia Mtwara joto linapoanza: wiki mbili za kwanza punguza spidi

Wakuu mnaokimbia asubuhi Shangani na barabara ya Mikindani, kusi, ule upepo wa kusini, ndo linakata hivyo, Septemba inaisha Oktoba joto linaingia, na ndo kipindi watu wanaanza kulalamika miguu mizito moyo unadunda, wanadhani wameshuka kiwango wanaongeza mazoezi, hapo ndo wanaharibu kabisa. Hujashuka kiwango. Kwenye joto damu inagombaniwa, misuli inaitaka na ngozi nayo inaitaka ili mwili upoe, kwa hiyo moyo lazima upige zaidi kwa mwendo uleule wa mwezi wa saba.

Fanya hivi: wiki mbili za kwanza achana na kuangalia dakika kwa kilomita, kimbia kwa pumzi. Kama ulizoea dakika 50 anza na 30, uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukishindwa tembea mpaka pumzi irudi, kutembea sio aibu jamani. Mwili unataka kama siku 7 hadi 14 kuzoea joto, jasho linaanza kutoka mapema na moyo unatulia, ndo urudishe spidi taratibu.

Toka mapema. Mwisho wa Oktoba huku jua linachomoza kabla ya saa 12, ukitoka saa moja umeshachelewa. Barabarani kaa kulia uone magari yanayokuja, maana msimu wa korosho malori ni mengi na alfajiri bado kuna giza, vaa nguo nyeupe. Ukipita karibu na mashamba ukakuta mtu bado anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, badili njia, wanapuliza asubuhi upepo ukiwa umetulia, muda wako uleule, na ule unga ukiuvuta kifua kinawasha siku nzima.

Ufukweni nako kuna akili yake. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa alfajiri, ule mchanga mgumu unafunikwa unabaki kukimbilia mchanga laini unaovuta kano za kisigino, siku hizo nenda lami tu. Maji yakiwa yametoka kimbia kwenye mchanga wenye unyevu, na urudi njia ileile, maana ufukwe umeinama upande mmoja, ukienda bila kurudi goti litakwambia.

Maji kunywa kabla, usisubiri kiu. Dafu ni zuri sana ila chumvi yake ndogo, ukitoka jasho jingi kula na kitu cha chumvi, mihogo ya kuchemsha au ming'oko (vile viazi vya porini) na chumvi yake inatosha kabisa. Korosho kula ukirudi, kabla ya kukimbia mafuta yake yanakaa tumboni. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi leo pumzika.

Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au baridi wakati jua linawaka, simama hapohapo, kivulini, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuongea vitu havieleweki huyo mmwagieni maji mwili mzima huku mnatafuta gari la kumpeleka hospitali, msimsubiri apate nafuu.

Na homa ikikushika usiseme ni uchovu wa mazoezi, huku kwetu malaria ipo, kapime. Ukikutwa nayo maliza dawa zote, usirudi kukimbia mpaka homa imeisha na unakula vizuri, na siku ya kwanza tembea tu.