Kruzi ya Karibi kwa watu wawili: ipangeni mpumzike kweli, sio mrudi hoi

Kruzi ya kupumzika inatengenezwa kabla hamjapanda meli. Ukishapanda umeshapanda, meli ndo hiyo, chumba ndo hicho na njia ndo hiyo. Watu wengi wanafungua tovuti wanaona usiku saba, visiwa vinne, bei poa, wanalipa hapo hapo, afu wanajikuta kwenye meli ina watoto elfu mbili wanaruka kwenye bwawa na kila asubuhi wanaamka saa kumi na mbili kuwahi safari ya kisiwani, wiki inaisha wamechoka kuliko walivyotoka kazini. Naandika zaidi kwa nyie mlioko huku Marekani, mnaofanya shifti mbili na hamjawahi kukaa wiki nzima pamoja bila simu ya bosi, ila wa Dar na Nairobi pia mengi yatawahusu, inshu ya viza nitaigusa huko chini.

Cha kwanza ni mwezi. Msimu wa vimbunga Karibi unaanza rasmi 1 Juni mpaka 30 Novemba, na vinachachamaa zaidi kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Sio kwamba meli itaenda kuzama, kapteni anakikwepa kimbunga mapema tu, tatizo ni kwamba akikikwepa ratiba inabadilika, mlilipia Grand Cayman mnapelekwa kwingine au mnakaa baharini siku mbili, na mkataba mliosaini unamruhusu. Bei za miezi hiyo zinakuwa chini kwa sababu hiyo hiyo. Mnaotaka utulivu tafuteni wiki zile kati ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Marekani ya mwisho wa Novemba, na Krismasi, au Januari mwaka mpya ukishapita, watoto wako shule na bei hazijapaa. Machi ikimbieni, ni spring break, likizo ya vyuo, wanafunzi wa vyuo wote wako deki ya juu na muziki. Ila mkiondokea Galveston hapa Texas mjue majira ya baridi kuna ukungu mzito wa baharini, bandari inaweza kufungwa masaa kadhaa meli ikasubiri nje, kwa hiyo siku ya kurudi msipange kuingia kazini jioni.

Meli sasa. Zile kubwa mnazoziona Instagram, mfano Icon of the Seas iliyoanza safari Miami Januari 2024, ina deki 20 na ikijaa inabeba abiria kama 7,600, hiyo ni kata nzima inaelea. Kwa familia yenye watoto ni raha tupu. Kwa nyie wawili mnaotaka kukaa kimya mnaangalia maji, chukueni meli ya wastani, abiria 2,000 mpaka 3,000 hivi. Kampuni za Holland America na Celebrity wana sifa ya utulivu, wateja wao wengi ni watu wazima, na Virgin Voyages hawapokei kabisa mtu chini ya miaka 18 ingawa wao wako kisherehe zaidi. Carnival wana sifa ya shangwe na bei nafuu, na msiidharau, meli zao nyingi zina sehemu inaitwa Serenity ya watu wazima tu na hulipii kitu, Royal Caribbean nao wana Solarium. Kaangalieni ramani ya deki kabla ya kubuku muone kama hiyo sehemu ipo na ni kubwa kiasi gani. Na kruzi za usiku tatu au nne ziacheni, hizo ni za bachelor party na bethidei, ukitaka kulala saa nne usiku mwenzako wa chumba cha pili ndo kwanza anafungua spika.

Njia ziko tatu. Magharibi ni Cozumel na Costa Maya za Meksiko, Roatán ya Honduras, Belize, Grand Cayman. Mashariki ni Bahamas, San Juan, St. Thomas, St. Maarten. Kusini ni Barbados, St. Lucia, Curaçao, Aruba na majirani zao. Kusini ndo kuzuri kuliko kote kwa macho yangu, vile vilele viwili vya Piton St. Lucia vinavyotoka baharini vimechongoka, na nyumba za rangi rangi za Willemstad kule Curaçao, afu Aruba na Curaçao vimbunga huwa havifiki mara nyingi. Lakini kruzi nyingi za kusini zinazoanzia San Juan zinatia nanga karibu kila siku, na kila siku kisiwa maana yake kila siku viatu, begi, foleni na jua la saa sita. Hesabuni siku za baharini. Wiki yenye bandari mbili au tatu inatosha, na hata hizo tatu moja wapo bakini melini makusudi. Watu wote wakishuka meli inakuwa yenu, bwawa tupu, jakuzi tupu, mhudumu anawajua kwa jina. Hiyo ndo siku tamu kuliko zote na hamlipii kitu cha ziada.

Chumba ndo pa kutuliza akili zaidi. Kuna cha ndani kisicho na dirisha, kuna cha dirisha, kuna cha balkoni, afu vyumba vikubwa vya suti, vya wenye nazo. Cha ndani ni giza totoro, unalala mpaka saa tano asubuhi hujui kumekucha, kwa mtu wa shifti za usiku ni dawa. Ila kwa wawili wanaotaka kupumzika, mkiwa na hela ya kuongeza sehemu moja tu iwekeni kwenye balkoni, hata mkapunguza mengine yote, kwa sababu asubuhi unakunywa chai na khanga yako kiunoni bila kumsalimia mtu. Kuna balkoni zimezibwa na boti za kuokolea, huwa wanaandika kwenye maelezo, someni. Kuhusu mahali: katikati ya meli, deki za chini au za kati, ndo hapatikisiki sana, mbele kabisa na juu kabisa ndo panayumba. Na angalieni nini kiko juu ya dari lenu na chini ya sakafu yenu. Vyumba juu na vyumba chini, safi. Mkiwa chini ya deki ya bwawa mtasikia viti vinaburuzwa alfajiri, chini ya jimu mtasikia vyuma, juu ya ukumbi wa shoo mtasikia besi mpaka usiku. Ile bei ya chini ambayo wanakuchagulia wao chumba maana yake umekubali popote pale, kwa hiyo kama mmoja wenu ana usingizi mwepesi iacheni.

Makaratasi. Raia wa Marekani kwenye kruzi inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani anaruhusiwa kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, lakini beba paspoti bhana, ukiugua ukashushwa Honduras hiyo ndege ya kurudi utapandaje? Mwenye green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, abebe kadi pamoja na paspoti ya nchi yake, na aulize masharti ya kila kisiwa kwenye njia yake kabla hajalipa. Wanaotoka nyumbani, mnahitaji viza ya kutembelea Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitoka mmetoka na ikirudi mnaingia upya, sheria za viza hizo zimekuwa zikibadilika sana kwa baadhi ya nchi zetu, anzeni na tovuti ya ubalozi ndo mje kwenye tovuti ya meli. Meksiko wanakubali viza hai ya Marekani. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa lakini haziko ndani ya Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, kwa hiyo msidhani viza ya Ulaya inawatosha kule.

Hela. Bei inayotangazwa ni ya kila mtu mkiwa wawili chumbani, hapo nyie mmependelewa, mtu wa peke yake mara nyingi analipishwa karibu ya watu wawili. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, na kuna tipu za wafanyakazi ambazo kampuni nyingi wanakata zenyewe, dola 16 mpaka 20 kila mtu kila siku, kwa wiki wawili ni kama dola 220 hadi 280. Msiende kaunta kuzifuta, wale vijana wanaotandika vitanda wanategemea hizo. Kifurushi cha pombe kwenye kampuni kadhaa kina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua wote wa chumba hicho wanunue, sasa kama baba anakunywa bia mbili na mama hanywi kabisa, kila mmoja alipie kinywaji chake anapokunywa. Maji, chai na kahawa ya kawaida ni bure. Waifai ukinunua kabla ya safari huwa nafuu, au msinunue, waambieni nyumbani mapema mtakuwa kimya wiki nzima, kama kuna dharura wana namba ya kampuni. Simu weka hali ya ndege tangu mnaondoka gatini, mtandao wa simu wa melini unatoza bei za ajabu ukiusahau wazi. Na bima ya safari yenye matibabu chukueni, zahanati ya meli ni ya kulipia na bima nyingi za hapa nchini hazifanyi kazi huko nje.

Chakula hakuna atakayelala njaa. Mkila halali andikeni ombi kwa kampuni wiki nyingi kabla, sio siku ya kupanda, afu usiku wa kwanza muoneni msimamizi wa mgahawa awathibitishie. Mkichagua muda wa kula, chagueni ule usio na saa maalumu, na ombeni meza ya wawili, msipoomba mnaweza kuwekwa na watu sita msiowajua mkaanza kujieleza Tanzania iko wapi. Kuna usiku mmoja au miwili ya kuvaa kistaarabu. Hapo ndo kitenge cha sare kinapofanya kazi yake, au kanzu na baibui, wazee wa Florida watawaomba picha.

Mizigo mikubwa mnawapa wapagazi bandarini na inaweza kufika chumbani jioni kabisa, kwa hiyo begi la mkononi liwe na dawa, paspoti, chaji na nguo za kuogelea. Pasi, birika la umeme na ekstensheni yenye kinga ya umeme vitachukuliwa, msibebe. Bebeni ndoano za sumaku, kuta za vyumba ni chuma, mnatundika kofia na taulo bila shida. Nguo za mabaka ya jeshi ziacheni nyumbani, Barbados, St. Lucia na Jamaika ni kosa kisheria raia kuvaa. Mafuta ya jua chagueni yasiyo na kemikali ya oxybenzone, Aruba na visiwa vya Virgin vya Marekani wameyapiga marufuku kwa ajili ya matumbawe, na weusi wetu unaungua vile vile msidanganyane. Anayelewa bahari ameze dawa kabla hajaanza kujisikia vibaya, tangawizi nayo inasaidia. Mikono osheni kwa sabuni na maji, ile jeli ya chupa haimalizi virusi vya kuharisha vinavyopenda kuzunguka melini.

Kama mnaenda kwa ndege, fikeni mji wa bandari siku moja kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa. Mkipanda maliza lile zoezi la usalama mara moja, video kwenye simu afu mnapita kituo chenu cha kukusanyika, mkilichelewesha mtaitwa kwenye spika.

Siku za kisiwani msifanye mambo matatu. Moja tu. Roatán tafuteni pasi ya siku ya ufukwe wa West Bay, mnakodi viti viwili na mwavuli na mnakula samaki, matumbawe yako hapo hapo karibu na ufukwe. Cozumel vivyo hivyo, teksi zina bei za kupangwa kwa umbali, ulizeni kabla ya kupanda. Costa Maya kuanzia masika mpaka kiangazi mwani wa kahawia unaweza kujaa ufukweni na unanuka, angalieni picha za karibuni kabla hamjalipia. Grand Cayman meli inasimama nje mnavushwa kwa boti ndogo, ongezeni muda wa foleni ya kurudi. Safari mliyonunua melini ikichelewa meli inawasubiri, mliyojitafutia wenyewe haiwasubiri, mtaonekana kwenye video za watu wanaokimbia gatini huku abiria wanapiga makofi juu. Saa ya kufuata ni ya meli, sio ya simu. Meli iliyotoka Miami kiangazi ikibaki na saa za Miami, Cozumel iko nyuma saa moja, simu inakwambia saa tisa kumbe melini ni saa kumi na ngazi zinapandishwa.

Siku ya baharini msiweke ratiba. Kama spa yao ina vyumba vya joto na vitanda vya mawe ya moto, ulizeni pasi ya wiki siku ya kwanza, huwa wanauza chache na zinaisha. Shoo moja usiku, basi. Kama mmoja anataka kucheza bingo na mwingine anataka kulala, aende mwenyewe, hamjafungwa pingu.

Usiku wa mwisho mabegi yanawekwa nje ya mlango, bakisheni nguo za kesho, kuna watu huwa wanashuka na pajama. Au bebeni wenyewe mshuke na wa kwanza kama mnaweza kushuka ngazi na mizigo, lifti asubuhi hiyo hazipatikani. Matunda ya bufee msiingie nayo forodhani. Ndege ya kurudi msikate ya kabla ya saa sita mchana, na aliyepaki gari Galveston awe na risiti ya parkingi kwenye simu.